Kimoja Kikilia, Vyote Vilie

Hotuba hii ilitolewa Glasgow kwa wapangaji wanaozungumza Kiswahili. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini na waliobaki nyumbani na watoto.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za jioni. Ndugu zetu wa Motherwell mliopanda treni na mvua hii, karibuni sana.

Mimi ni fundi umeme. Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kupanda ngazi na kutazama dari za watu, na leo nimekuja kuwaomba nanyi mtazame dari zenu. Ukifika nyumbani usiku huu, kabla hujavua koti, inua macho. Koridoni kuna king'ora cha moshi? Sebuleni je? Jikoni kuna king'ora cha joto? Na ukibonyeza kitufe cha kimoja, vingine vinaitika? Ukijibu ndiyo kwa yote manne, mshukuru Mungu, kisha umshukuru mwenye nyumba wako. Ukijibu hapana hata kwa moja, basi maneno yangu ya leo ni yako.

Sheria nitaisema mara moja tu, ili tusirudi kubishana. Tangu tarehe 1 Februari 2022, kila nyumba ya kuishi watu hapa Scotland, iwe ya halmashauri, ya mtu binafsi, ya kupanga au ya kwako mwenyewe, inatakiwa kuwa na king'ora cha moshi katika chumba ambacho familia inakaa zaidi mchana, king'ora cha moshi katika kila korido na kila sehemu ngazi za ndani zinapoishia, na king'ora cha joto katika kila jiko. Vyote vifungwe darini. Vyote viungane, kimoja kikilia vyote vilie. Penye boila ya gesi, meko ya kuni au makaa, au bomba la kutolea moshi, pawe pia na king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi, na hicho si lazima kiungane na wenzake. Sisi wapangaji wa watu binafsi hatukusubiri mwaka 2022. Kwetu ving'ora vilikuwa lazima tangu kabla ya hapo. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuambia "hiyo ni sheria mpya, nipe muda", jua kwamba muda alikuwa nao, na ulikuwa mwingi.

Sasa niwaulize. Kwa nini sheria inasisitiza viungane? Kwa nini kimoja cha koridoni kisitoshe?

Kwa sababu moshi hauamshi mtu. Ndugu zangu, naomba hili liingie: moshi hauamshi mtu! Nikiingia nyumba za watu nasikia maneno yale yale: "Mimi usingizi wangu mwepesi, nikisikia harufu nitaamka." Hutaamka. Mtu aliyelala hanusi kama aliye macho. Na sofa la sponji likiungua halitoi moshi kama wa kuni tuliouzoea kwa bibi kijijini. Linatoa kaboni monoksaidi, linatoa sianidi. Ni sumu. Unaivuta ukiwa usingizini, na badala ya kukuamsha inakuzamisha zaidi. Wengi wanaokufa kwa moto wa nyumba wanamalizwa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Najua baadhi yenu mna ndugu Brisbane na Logan, kule Queensland, Australia. Waulizeni kuhusu Slacks Creek. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2011 nyumba moja ya Slacks Creek ilishika moto. Ndani walikuwa wamelala watu wa familia zenye asili ya visiwa vya Pasifiki, Tonga na Samoa, ndugu kwa ndugu, wakubwa na watoto, kama sisi tunavyolazana wageni wakija kwa harusi au msiba. Walikufa watu 11. Wanane walikuwa watoto. Hakuna king'ora kilichowaamsha. Msiba ule ulibadilisha sheria ya jimbo zima, na tangu tarehe 1 Januari 2022 nyumba za kupanga za Queensland zinatakiwa kuwa na ving'ora vilivyounganishwa, mpaka ndani ya vyumba vya kulala. Watu 11 walikufa kwanza, ndipo sheria ikaja. Sisi hapa sheria tunayo tayari. Tunasubiri nini?

Na mkiwa mnawafikiria watoto, sikilizeni jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Dundee, hapa hapa Scotland, walishirikiana na mchunguzi wa moto kutoka Derbyshire kupima kama watoto huamshwa na king'ora cha kawaida cha moshi. Waliwapima watoto 34 wakiwa wamelala, kila mmoja zaidi ya mara moja. Watoto 27 hawakuamka hata mara moja. Hata mara moja! King'ora kinalia, mtoto analala. Kwa hiyo usimtegemee mtoto ajiokoe. Anayetakiwa kuamka ni wewe mama, wewe baba, ili ukamchukue. Na wewe utaamkaje kama kinacholia kiko jikoni, mlango wa jiko umefungwa, korido ni ndefu, na mlango wa chumba chako umefungwa pia? Mnazijua nyumba hizi za zamani za Glasgow, kuta nene, milango mizito. Kufunga milango usiku ni vizuri, kunazuia moto usitembee, endeleeni kuifunga. Lakini mlango unaozuia moto unazuia na sauti. Ndiyo maana viungane. Moto ukianzia jikoni, sauti itokee koridoni, mlangoni kwako.

Vinaunganishwa kwa njia mbili. Kuna vya waya, vinavyokula umeme wa nyumba na kuwa na betri ya akiba ndani, na hivi afunge fundi umeme. Kuna vya betri iliyofungiwa kabisa, isiyofunguliwa, inayodumu mpaka miaka 10, vinavyozungumza kwa mawimbi ya redio. Hivi havihitaji kuchimba ukuta. Vyote viwili vinakubalika. Kisichokubalika ni kile cha zamani chenye betri ya mraba unayoweza kuichomoa ukaiweka kwenye redio ya mtoto. Ukikikuta hicho darini kwako, huna king'ora kinachotakiwa.

Mnakumbuka Grenfell? Tarehe 14 Juni 2017, London, jengo la ghorofa 24 liliungua, watu 72 wakafa. Kila mtu anakumbuka jengo lilivyowaka. Wachache wanakumbuka moto ulivyoanza. Ulianzia jikoni kwenye jokofu, katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Mpangaji alikuwa amelala. King'ora kikamwamsha. Akaona moshi, akapiga 999, namba ya dharura, na simu yake ilipokelewa dakika sita kabla ya saa saba usiku. Akagonga milango ya majirani. Yeye na wenzake wa nyumba ile walitoka wakiwa hai. Yaliyofuata, kuta za nje zilizowaka kwa namna ambayo hakuna jengo lingepaswa kuwaka, na watu kuambiwa wabaki ndani, hayo ni makosa ya wengine, na hasira yake bado tunayo mioyoni. Lakini king'ora kile kidogo cha jikoni kilifanya kazi yake. Ni baada ya Grenfell ambapo Serikali ya Scotland iliamua kwamba kiwango kilichokuwa cha nyumba za kupanga kiwe cha kila nyumba. Ilipangwa kianze Februari 2021, Korona ikakisogeza mwaka mmoja.

Tuingie jikoni sasa. Akina mama, hapa ndipo mnapogombana na ving'ora, na naelewa kwa nini.

Niliitwa nyumba moja mwezi wa Ramadhani. King'ora cha koridoni kilikuwa kimevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa mpira. Mama wa nyumba akaniambia, "Fundi, kila nikikaanga sambusa kinalia. Mtoto mchanga anashtuka, jirani wa chini anagonga. Nifanyeje?" Nikaenda jikoni. Mwenye nyumba alikuwa amefunga jikoni king'ora cha moshi, mita moja kutoka kwenye jiko la kupikia! Mama yule hakuwa na kosa. Alipewa kifaa kisichofaa mahali pale, kikamsumbua mpaka akavinyamazisha vyote viwili. Na familia ikalala hivyo, usiku baada ya usiku, na karai la mafuta likiwa juu ya jiko.

Jikoni panatakiwa king'ora cha joto. Hakijali moshi. Hakijali mvuke wa wali wala samaki wa kukaanga. Kinachokipigisha kelele ni joto la darini likifika karibu nyuzi 58. Chapati zako haziwezi kuifikisha dari huko hata upike za harusi nzima. Karai la mafuta lililoshika moto litaifikisha, tena upesi. Na hapa Scotland chanzo cha kwanza cha moto wa bahati mbaya majumbani ni upishi. Kwa hiyo jiko si mahali pa kuacha bila ulinzi, ila ulinzi wake uwe ule unaoendana na kazi yake. Kama nyumba yako jiko na sebule ni chumba kimoja, king'ora cha chumba hicho kiwe cha joto.

Msivue ving'ora, msivivishe soksi, msivivishe mifuko. Ukifukiza udi au ubani, fungua dirisha na ukae nao mbali na king'ora. Kikilia kwa moshi wa mapishi, bonyeza kitufe cha kukituliza, kitarudi kazini chenyewe. Kikilia tena na tena bila moto, king'ora hicho kimewekwa vibaya au ni cha aina isiyofaa, na hilo ni tatizo la mwenye nyumba kulitengeneza. Halafu karai likishika moto, usimwagie maji. Narudia kwa vijana walioko huko nyuma: usimwagie maji mafuta yanayowaka! Zima jiko ukiweza bila kujipitisha juu ya moto, funga mlango wa jiko, toeni watu wote, piga 999.

Kuna jingine ambalo siku hizi linanitisha kuliko karai. Vijana mnaosambaza chakula kwa baiskeli za umeme, naombeni mnisikilize. Mnarudi usiku, mnaegesha baiskeli koridoni, mnachomeka betri ichaji mpaka asubuhi, mnalala. Betri ya lithiamu ikiharibika haiungui taratibu, inalipuka kwa moto mkali. Na mmeiweka wapi? Koridoni, njia pekee ya kutokea! Chajini mkiwa macho, kwa chaja iliyokuja na betri hiyo, na isiwe kwenye njia ya kutokea.

Mwisho tuzungumzie woga. Huu ndio ninaoukuta mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, hata kuliko ving'ora vibovu.

Mama mmoja, mtu wa Kivu, ana watoto wadogo. Dari yake haikuwa na kitu, alama za skrubu tu. Nikamuuliza amemwambia mwenye nyumba? "Nilimwambia dalali. Alisema fundi atakuja." Lini? "Mwaka jana." Umekumbusha? Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, nikisema sana watanitoa." Yule mama amekimbia vita. Amekaa kambini Zambia. Kila mahali alipofika aliambiwa ashukuru na anyamaze. Nani kati yetu hajaambiwa hivyo?

Basi leo nawaambieni wazi: hamwombi hisani. Nyumba ya kupanga isiyo na ving'ora hivi haijafikia kiwango cha ukarabati ambacho sheria ya Scotland ya mwaka 2006 inamtaka mwenye nyumba akidumishe tangu siku unapoingia mpaka siku unapotoka. Gharama ni yake. Kununua ni juu yake. Kufunga ni juu yake. Na kama mkataba wako ni ule wa makazi binafsi ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2017, ambao wengi wenu mnao, hauna tarehe ya mwisho, na mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa sababu tu umedai ving'ora. Lazima awe na sababu iliyotajwa kwenye sheria, na ukikataa kuhama lazima aende kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba akaithibitishe.

Ufanyeje? Andika. Maneno ya mdomoni yanapotea, andika. Barua pepe inatosha, ujumbe wa simu unatosha, muhimu ubaki nao. Taja nyumba, taja vyumba visivyo na king'ora, weka picha ya dari. Mpe muda wa kutosha. Asipotenda, peleka ombi kwenye baraza hilo, kwa Kiingereza First-tier Tribunal, kitengo chake cha nyumba na mali. Hulipi kitu kupeleka ombi. Huhitaji wakili. Baraza likikubaliana nawe litampa mwenye nyumba amri ya kukarabati. Akiipuuza bila sababu ya msingi anakuwa ametenda kosa la jinai, na baraza linaweza kupunguza kodi yako mpaka asilimia 90 hadi atakapotii. Na kama unaogopa jina lako kutokea, halmashauri nayo inaweza kupeleka ombi hilo dhidi ya mwenye nyumba. Kwa wale mnaoishi nyumba za waomba hifadhi, njia yenu ya kulalamika ni tofauti kidogo, tubaki baadaye tuzungumze, lakini msidhani ving'ora si haki yenu.

Yule mama wa Kivu aliandika. Binti wa jirani alimsaidia Kiingereza. Kabla ya mwezi kuisha fundi alikuja, na hakuna aliyemtoa.

Vijana mnaokaa pamoja, watatu au zaidi msio wa familia moja, nyumba yenu inahitaji leseni maalumu ya halmashauri, na leseni hiyo haitolewi bila usalama wa moto kukaguliwa. Mnajua ilitoka wapi? Mwaka 1999, hapa Glasgow, wanafunzi wawili walikufa kwa moto katika nyumba ya kupanga ya chini ya usawa wa barabara. Madirisha yalikuwa na nondo. Baada ya vifo vile, leseni ikawa lazima Scotland nzima tangu Oktoba 2000. Kwetu nondo ni usalama, tumekua tukimwogopa mwizi. Lakini Wakenya mlioko hapa mnaikumbuka Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa kwa moto, bweni la shule, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Ukikuta dirisha la chumba chako cha kulala halifunguki, au mlango wa nje unahitaji ufunguo ambao hujui uko wapi usiku, andika hilo kwenye barua hiyo hiyo.

Na wenye nyumba mliomo humu, maana nawaona, wengine mmejaliwa mkanunua na kupangisha ndugu zenu. Serikali ilikadiria kwamba nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ikifungwa vitatu vya moshi, kimoja cha joto na kimoja cha kaboni monoksaidi, itagharimu kama pauni 220 ukifunga mwenyewe vile vya betri. Hiyo haifiki kodi ya mwezi mmoja. Msinunue vya bei ya kutupa visivyo na alama. Cha moshi kiwe na BS EN 14604, cha joto BS 5446-2. Vya redio vinunueni vya kampuni moja, kwa sababu vya kampuni tofauti kwa kawaida havisikilizani. Vikae sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa, kwa sababu pembeni kabisa hewa hutuama na moshi huchelewa kufika. Cha joto kisiwe zaidi ya mita 5.3 kutoka kona yoyote ya jiko, cha moshi mita 7.5. Na someni tarehe iliyoandikwa ubavuni. Tarehe ikipita, king'ora kimekufa hata kama taa yake inawaka.

Kila wiki, siku moja mnayoichagua, mmoja abonyeze kitufe koridoni na mwingine alale kitandani na mlango umefungwa. Kama wa kitandani hasikii vizuri, vipimeni tena, kisha andikeni barua. Wazee wetu msiosikia vizuri, kuna ving'ora vyenye taa inayomweka na kifaa kinachotikisika chini ya mto. Viombeni. Zimamoto wa Scotland hutembelea nyumba bure kukagua usalama wa moto, na nitawasaidia kuwapigia simu.

Mezani pale mlangoni kuna barua za mfano, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Mnajaza jina, anwani na vyumba visivyo na king'ora. Chukueni na za majirani ambao hawakuja. Anayetaka nije kutazama dari yake aandike jina kwenye daftari. Wazee na wenye watoto wachanga nitaanza nao.

Sasa maswali. Mama mwenye kitenge cha kijani, mkono wako umekuwa juu tangu nilipotaja dalali. Karibu, uliza.